Sauti Niliyomvisha Kuhani wa Jua

Upuuzi ule uliingia dukani kwangu ukiwa kurasa mia na kumi na mbili, na ulitaka nakala kumi na tano.

Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa na duka la fotokopi kwenye barabara kuu ya Kensington, Johannesburg, nimebanwa kati ya kinyozi Mkongo na mzee wa kuuza vipuri vya majiko. Mashine mbili, kompyuta moja, kiti kimoja cha mteja, na tangazo nililoliandika kwa mkono wangu: barua, CV, fomu za wakimbizi, tafsiri. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha Kiswahili miaka kumi na moja katika shule ya sekondari Tanga, na watu wa mtaa, hasa Wakongo, waliniita Mwalimu. Sikuwakataza. Cheo hicho ndicho kitu pekee nilichovuka nacho mipaka mitatu bila afisa yeyote kuniuliza karatasi zake.

Aliyeleta zile kurasa alikuwa kijana wa vitongoji vya kaskazini, kwa matajiri, ndevu zimechongwa kwa wembe, viatu vya ngozi bila soksi. Alijitambulisha kuwa ni mwongozaji wa filamu. Printa ya ofisini kwao imekufa, akasema, na waigizaji wanasubiri. Mashine yangu ilikuwa kongwe kuliko yeye na kazi ile ingechukua saa nzima, basi nikasoma huku karatasi zikitoka.

Nisimulie? Haya. Kulikuwa na jua la dhahabu, sahani kubwa ya wafalme wa Inka, iliyoibwa hekaluni kwao kule Peru na kupotea kwa karne nyingi. Profesa mmoja Mmarekani anapata ramani ndani ya Biblia ya bibi yake. Ramani inamwambia kwamba mwizi aliileta sahani Johannesburg na kuificha kwenye mgodi uliokufa. Profesa anapanda ndege. Anafukuzwa na jenerali mwenye jicho moja, anasaidiwa na mrembo asiyejulikana anafanya kazi gani, na kila ukurasa wa kumi mtu anatumbukia shimoni. Yule profesa hali, halali, haendi chooni. Anashuka uwanja wa ndege, afisa wa uhamiaji anamgongea muhuri na kumtakia safari njema. Hapo ndipo nilipojua kwamba aliyeandika hajawahi kusimama kwenye foleni yoyote maishani mwake. Na mwisho, baada ya kufa watu wote wanaopaswa kufa, profesa anaipata sahani na kuipeleka kwenye makumbusho ya mji wake, na muziki unalia kwa ushindi. Aliyeiba wa kwanza ni mwizi. Wa pili ni shujaa.

Wainka wenyewe walikuwa na sehemu moja tu. Makuhani watatu wanasimama mlimani wakiinua sahani. Chini yake pameandikwa: wanasema kitu cha kale.

"Kitu gani?" nikamuuliza.

"Chochote," akasema. "Kiwe na uzito tu."

Wakati huo mlinzi wa duka la samani la upande wa pili wa barabara alikuwa amesimama mlangoni kwangu na kikombe chake. Kila asubuhi ya baridi alivuka kuja kunywa chai kwangu, dakika tano, jicho likiwa kwenye duka la bosi wake. Tukasalimiana, tukasema mawili matatu kuhusu mvua. Yule kijana akatutazama mmoja baada ya mwingine kama aliyeokota kitu.

"Hiyo lugha gani?"

"Kiswahili."

"Inasikika ya kale sana. Nzuri! Hakuna atakayeitambua."

Nilimwambia kwamba lugha hiyo inasemwa toka Lamu hadi Lubumbashi, ina kamusi, ina magazeti, ina washairi waliokuwa wakipanga vina wakati mji huu wa Johannesburg bado ni majani ya ng'ombe. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Sharp, sawa. Lakini wanunuzi wetu wako Ulaya."

Mtu mwenye akili timamu angemfukuza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja uso kwa ajili hiyo. Lakini akaongeza kwamba atahitaji mshauri wa lugha, na kwamba jina la mshauri wa lugha huandikwa mwishoni mwa filamu. Jina langu. Kwenye skrini. Nikamkaribisha kiti.

Kisha akamnyooshea kidole mlinzi. "Na huyu awe kuhani mkuu. Mtazame uso wake!"

Ni kweli alikuwa na uso. Alikuwa mrefu, mifupa ya mashavu imesimama, macho yametulia ndani. Mtu wa Uvira, shemasi katika kanisa la Wakongo lililo karibu na robot ya pili, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa hapa, nyuma ya kituo cha mafuta. Kila mtu barabarani alijua habari yake kwa sababu hakuificha. Alipotezana na mama yake njiani wakikimbia vita, usiku mmoja, watu wakigawanyika kama maji. Yeye alishuka kusini, nchi baada ya nchi, hadi akafika hapa. Mama yake alisemekana kuelekea upande wa Burundi, au Kigoma, au hakufika kokote. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita. Kila mgeni aliyefika kanisani toka kwao alimuuliza swali lile lile, na kila mgeni alitikisa kichwa.

Nilimhurumia, sisemi uongo. Lakini Kiswahili chake kilinichoma masikio. Aliposema batu, nilisema watu. Aliposema bintu, nilisema vitu. Aliposema fasi, nilimuuliza kama mahali pamehama. Naye alicheka tu, akipuliza chai: "Njo vile tunasema, Mwalimu." Nilidhani anacheka kwa kuona aibu. Nilikuwa mtu wa kudhani mambo kama hayo.

Kazi ile hakuikubali papo hapo. Alikwenda kwanza kumuuliza mchungaji wake kama shemasi anaweza kusimama mlimani na kuliabudu jua mbele ya kamera. Mchungaji akafikiri siku mbili, akatoa hukumu: nguo si dhambi, kusimama si dhambi, lakini kinywa cha shemasi kisitoe uongo wala ibada ya sanamu. Kama hawa watu hawajali anasema nini, basi aseme maneno ya kweli.

Alivuka barabara asubuhi iliyofuata akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Mwalimu, ile sinema itaenda wapi?"

"Kila mahali penye watu wajinga," nikamwambia.

"Batu wa kwetu banapenda sinema. Hata mu kambi kuko banda za video. Mi nitasema jina ya baba, jina ya nkambo, jina ya mama, na fasi yenye niko. Mwenye kusikia atamupelekea mama." Akaweka kikombe chini. "Huyu bwana hajali, alisema chochote. Mungu njo alimutuma."

Nikamwambia kwamba Mungu ana njia bora za kutuma salamu kuliko profesa Mmarekani na jenerali mwenye jicho moja. Hakuniudhikia. Hakuwa mtu wa kuudhika, na hilo nalo lilinikera.

Milima ya Peru ilipigwa picha kwenye kilima cha taka za mgodi, kusini mwa mji, chenye ule mchanga wa manjano unaobaki puani wiki nzima. Mavazi ya Wainka yalikuwa mablanketi ya Kisotho yaliyonunuliwa mjini, bado yana harufu ya plastiki. Kulikuwa na mnyama mmoja wa kukodi, aina ya lama, shingo ndefu, manyoya tele, ambaye wazazi wake walitoka Peru kweli, na kwa sababu hiyo alikuwa ndiye mwenye heshima kuliko sisi sote: alimtemea mate mwongozaji mara mbili. Na jua la dhahabu, hazina iliyowatoa watu roho kurasa mia na kumi na mbili? Lilikuwa sinia la shaba. Sinia! Kwetu Tanga lingepangwa vikombe vya kahawa. Nilipolipindua nikakuta nyuma pamebandikwa karatasi ya bei.

Mlinzi alisimama juu ya kile kilima, blanketi begani, sinia mikononi, vinyozi wawili wa duka la jirani yangu wakiwa makuhani pembeni yake. Wakamwambia anza. Akaliinua sinia, jua la kweli likaligonga, na akasema kwa sauti ya shemasi aliyezoea kuomba mbele ya watu. Akataja jina la baba yake, la babu yake, la mama yake, mtaa wao wa Uvira na njia nyembamba iliyoshuka ziwani. Kisha akasema:

"Mama, kama uko muzima, mi niko muzima. Niko Johannesburg, fasi banaita Kensington. Uliza kanisa ya Bakongo pa robot ya pili, nyuma ya garage. Bote bananijua. Mama, sikukuacha. Ilikuwa giza."

Mwongozaji alikuwa na machozi. "Eish," akasema, "sielewi hata neno moja, lakini ni la kale kabisa!"

Nami? Mimi nilisimama pale na kofia yangu ya ushauri wa lugha nikaona haya. Ndiyo, haya. Nilikuwa nikiwafikiria wanafunzi wangu wa zamani, na walimu wenzangu wa Tanga, wameketi mbele ya skrini wanasikia kanisa ya Bakongo pa robot, halafu mwishoni linapita jina langu. Hilo ndilo nililoliona. Mtu alikuwa akimwita mama yake, mimi nikawa nasahihisha.

Wiki chache baadaye mwongozaji akapiga simu. Upepo wa kile kilima ulikuwa umeharibu sauti zote. Makuhani waje studio wasemee upya, na studio ilikuwa imekodiwa Jumatano tu. Nikavuka barabara, nikamwambia mlinzi.

"Bangoje mpaka samedi," akasema. "Samedi njo niko off. Mwalimu, ubaambie. Jumatano bosi hataniacha."

"Nitawaambia," nikasema.

Nilipompigia mwongozaji, hakuwa na shida. Siku ya studio ingeweza kuhamishwa, akasema, akiuliza ratiba tu; Jumamosi ni sawa. Nilikuwa nimeshika simu, upande wa pili wa kioo namwona mlinzi amesimama mlangoni pa duka la samani, mikono nyuma. Na nikasema: "Haina haja. Nitakuja mimi. Nitamtilia maneno mazuri zaidi."

Nimejielezea jambo hili kwa namna nyingi. Kwamba nani anamtafuta mama yake kwa filamu ya kijinga? Kwamba watu wa kwao wasingeisikia sauti yake, na hata wangeisikia wasingeelewa, na hata wangeelewa mama yule amekufa zamani. Nilijisemea hayo yote ndani ya teksi ya kwenda studio. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya langu nikiwacheka wengine. Nilijifungia kwenye chumba chenye sponji ukutani, nikavaa vile visikilizio, uso wake mkubwa mbele yangu midomo inakwenda, na kila mdomo ulipofunguka nikaingiza ya kwangu:

Ewe jua la fahari, mwenye nuru ya daima,
Mwizi kaja na hatari, kaiba yetu heshima.

Na beti nyingine tatu za aina hiyo. Vina vimekaa, mizani imetimia, na ndani hamna kitu. Fundi wa sauti akaninyooshea dole gumba. Nilirudi Kensington nimevimba kama andazi.

Mlinzi alikuja na kikombe chake asubuhi. "Mwalimu, ile ya samedi?"

"Hawahitaji tena. Wamesafisha ile ile yako."

"Iko sawa?"

"Iko sawa," nikamjibu. Mara ya kwanza na ya pekee nilimjibu kwa Kiswahili chake.

Filamu ilitoka mwaka 2018. Nisiseme ilitoka, ilivuja. Haikuonyeshwa kwenye jumba lolote ninalolijua, lakini nakala zake zilikuwa zimetandazwa kwenye vijia vya Marshalltown, mjini, katikati ya soksi na chaja za simu. Nilinunua moja. Profesa alikuwa mbaya kuliko alivyokuwa kwenye karatasi. Jenerali alibadilisha jicho bovu katikati ya hadithi, kushoto likawa kulia. Jina langu lilipita mwishoni, chini ya jina la mwenye yule mnyama, likapita upesi hata nikarudisha nyuma mara tatu ili nilisome.

Mlinzi hakuitazama. Shemasi wa kanisa lao hatazami sinema, alisema, kuingia ndani yake ilitosha. Aliniuliza tu imefika wapi. Nikamwambia kwamba kwa ubaya wake itafika mbali sana, maana takataka huelea. Akafurahi. Kuanzia siku hiyo kila simu yake ilipolia kwa namba asiyoijua aliipokea kabla haijalia mara ya pili. Nilikuwa namwona kupitia kioo. Nikajizoeza kutazama mashine.

Mwaka uliofuata, Jumatatu moja kama saa nne asubuhi, dukani wakiwa wateja watatu wenye fomu zao, alivuka barabara bila kikombe. Hakuangalia kama duka la bosi limebaki peke yake. Mkononi alikuwa na simu.

"Mwalimu, jana kanisani kulifika mwanamuke moja, anatoka mu kambi, kule kwenu Kigoma. Alinitazama, akasema: weye njo ule wa sinema." Alikuwa anasema polepole, kama anayebeba ndoo iliyojaa. "Mama yangu iko kule. Iko muzima. Bajirani walimwita ku banda ya video, walimwambia kuya uone mutoto yako. Aliona sura yangu, akapiga vigelegele, batu bote wakasimama. Kisha nikafungua kinywa."

Mteja mmoja alikuwa ananiuliza habari ya stempu. Sikumsikia.

"Akasema huyu hapana mutoto yangu, huyu ni Mtanzania wa bahari. Alirudia kuitazama siku tatu. Kisha alienda ku bureau ya kambi, akabaambia bafute jina yangu ku liste ya batu benye banatafutwa. Akaketi matanga. Miaka yote ile alikataa matanga, Mwalimu. Bananiambia aliketi wiki muzima." Akavuta pumzi. "Ile sauti ni ya nani?"

Nikaiweka chini fomu niliyokuwa nimeishika.

"Ni yangu."

Nilingoja anipige. Ningefarijika. Lakini aliinamisha kichwa kukubali, kama mtu aliyepata karatasi aliyokuwa anaitafuta, na akaweka simu juu ya kaunta, spika imefunguliwa, katikati ya fomu za watu. Saa ya simu ilikuwa inahesabu: dakika kumi na saba, dakika kumi na nane. Mama yake, kwa namba aliyoileta yule mwanamke, alikuwa hewani muda wote huo.

"Hakubali kama ni mimi," akasema. "Anasema bezi wanajua kutumia sura ya batu. Ongea naye. Sema yale ulisema mu sinema."

"Yale?"

"Yale yale."

Basi, mbele ya Wakongo wawili na Mrundi mmoja, na kinyozi aliyekwisha kuchungulia mlangoni na mkasi wake, mimi mwalimu wa Kiswahili niliinama juu ya simu nikaanza: Ewe jua la fahari, mwenye nuru ya daima. Sijawahi kusikia maneno mabaya kuliko yale. Kila kina kilipogonga nilitamani sakafu ipasuke. Mwizi kaja na hatari, kaiba yetu heshima. Nikaishia hapo.

Upande wa pili palikuwa na kuku wanalia, na mtoto, na pumzi ya mtu mzee.

"Njo yeye," sauti ikasema, si kwangu, kwa watu waliomzunguka kule. "Njo ile sauti." Kisha ikanirudia mimi, karibu kabisa. "Baba, mutoto yangu alikukosea nini, ukamufunga kinywa?"

Miaka kumi na moja nilisimama mbele ya ubao. Nilijua methali za kila aina, misemo, nahau, kinyume cha kila neno. Nikasema nisamehe, mama, na likatoka kama neno la mtu anayejifunza lugha.

Mlinzi akaichukua simu mezani, akaishika mbele ya uso wake kwa mikono miwili. Akanyoosha mgongo. Akataja jina la baba yake, la babu yake, la mama yake, mtaa wao, na ile njia iliyoshuka ziwani. Mama, kama uko muzima, mi niko muzima. Mrundi alivua kofia. Mashine yangu ilikuwa bado inatoa nakala za fomu ya mtu, inagonga na kunguruma kama kawaida yake, nikaona inayafunika maneno yake. Nikainama nikachomoa waya ukutani, nikabaki nimechuchumaa pale chini hadi alipomaliza kusema ilikuwa giza.